Kinu Kilichojua Mtama Tu

Nchi ya Uwazini haimo kwenye ramani, na anayetaka kubishana kuhusu hilo akabishane na waliochora ramani, mimi aniache. Habari zake nimezipata kwa watu wa Mashapo, mji uliomtuma Shuweha binti Mkadara huko, na alichorudi nacho walikiona kwa macho yao. Jinsi alivyofika sitawachosheni nayo. Alitembea, akachoka, akafika.

Kwanza mjue alifuata nini. Shuweha alikuwa msimamizi wa kinu cha kusagia cha mji wa Mashapo. Vinu vya zama zile havikuzungushwa kwa mkono wala kwa punda, vilitii maneno. Ndani ya tumbo la kila kinu mlipangwa vibao vilivyoandikwa maagizo, na kinu kilifuata maagizo hayo mstari baada ya mstari, bila kuchoka na bila kununa. Sasa kinu cha Mashapo tumbo lake lilikuwa limezibwa kwa kifuniko cha shaba, na ufunguo ulikaa kwa aliyekileta, mfanyabiashara mmoja ambaye watu walimwita Bwana Kufuli, na jina lenyewe alilipenda. Kazi ya Shuweha ilikuwa kupangusa vumbi, kumwaga mahindi juu na kusema "anza". Kikigoma, kazi yake ilikuwa kumpelekea habari Bwana Kufuli na kukaa kitako kusubiri.

Ikafika siku kinu kikagoma moja kwa moja. Bwana Kufuli akaja, akakizunguka, akatikisa kichwa, akasema kinu hicho kimepitwa na wakati, hata yeye hakifungui tena. Ila anacho kipya, kizuri ajabu, atakileta mavuno yakiisha, mradi mji uahidi kwamba hautatumia kinu cha mtu mwingine daima dawamu. Wakati huo Mashapo nzima ilikuwa inakula makande. Makande asubuhi, makande mchana, makande usiku. Mimi makande nayapenda, msinielewe vibaya, lakini jaribuni kuyala msimu mzima bila tonge moja la ugali muone kama hamtagombana na majirani. Shuweha akasimama mbele ya wazee wa mji akasema amesikia iko nchi ambayo vinu vyake havina kufuli. Wazee wakanong'onezana, wakamwambia, "Nenda, binti yetu. Lakini mavuno yakiisha hujatuletea kinu kinachosaga, tutatia ahadi kwa Bwana Kufuli." Akafunga mahindi kwenye ncha ya kanga, akaondoka roho juu.

Mpakani mwa Uwazini hapakuwa na lango, kwa sababu lango ni aina ya kifuniko, na vifuniko ni marufuku nchi nzima. Palikuwa na jiwe tu lililochongwa sheria yao, nayo ni fupi: Chukua. Fungua. Badilisha. Ukibadilisha, rudisha ulichobadilisha wengine wakione. Askari wa mpaka alimkaribisha vizuri, akamweleza kwamba hapo zamani nao waliteswa na watu wa kufuli, wakaapa kwamba hakuna chombo kitakachofichwa tumbo tena. Shuweha alipofikishwa nyumba ya wageni akaona nguvu ya kiapo hicho. Chungu cha kunde kilikuwa motoni bila kifuniko tangu asubuhi, mvuke wote unaruka hewani, na kunde bado ngumu.

"Mama, ungefunika zingeiva upesi," akasema.

Mpishi akatazama huku na huku. "Nikishaona watu wamesinzia naweka jani la mgomba," akajibu kwa sauti ya chini. "Lakini suala la jani liko Barazani. Wapo wanaosema jani ni kifuniko, wapo wanaosema jani ni jani. Wakubwa hawajaafikiana tangu mimi sijaolewa."

Asubuhi alipelekwa kwenye mabanda ya vyombo, na hapo, jamani, Shuweha alishika mdomo. Mabanda yalijipanga hadi macho yanachoka: vyombo vya kupimia, vya kushonea, vya kuchambua mbegu, vya kutafuta kilichopotea ndani ya ghala, vya kulinganisha maandishi mawili na kukuonyesha neno lililotofautiana. Kila kimoja tumbo wazi, kila kimoja na maelezo yake ubavuni, na hakuna aliyemuuliza mkono wako unafanya nini humo. Baadhi ya mabanda yalifanana mno, tofauti huioni mpaka uonyeshwe. Akaelezwa kwamba watu wa huko wakikosana katika kazi hawapigani. Mmoja husema "mimi nachepuka", ananakili banda zima, analisimamisha ng'ambo ya njia na kubadilisha kile kilichomuudhi. Ndugu wawili walichepukana kwa sababu mmoja alitaka kila mstari wa maagizo uanze kwa nafasi ya vidole viwili na mwingine vinne. Wanakula pamoja, wanazikana, ila mtu akivaa kofia ya banda hili haruhusiwi kukanyaga lile.

Kinu alikipata siku hiyohiyo. Kidogo, kizuri, chepesi kubebeka kichwani, na hapakuwa na wa kumzuia kuondoka nacho. Raha iliyomwingia hakuweza kuificha, alicheka peke yake njiani. Akakitua uani mwa nyumba ya wageni, akafungua ncha ya kanga, akamwaga mahindi ya kwao, akasema "anza". Jiwe likazunguka, likalia, likasimama. Punje zilikuwa zimekwama kwenye mlango wa kuingilia, mlango umeshindwa kuzipitisha. Akajaribu tena, vilevile. Sura ikamshuka.

Uwazini ina ofisi ya malalamiko, na foleni yake huhesabiwa kuanzia sifuri. Shuweha alipofika kabla ya kila mtu, karani akamwambia, "Wewe ndiye wa sifuri, dada," naye akadhani ametukanwa. Msikilizaji mkuu wa malalamiko alikuwa bwana mmoja mpole aitwaye Faki Mwinyimvua. Alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, akafikiri kwa dhati, kisha akatoa jibu.

"Kwangu kinasaga."

"Ndiyo, bwana. Lakini kwangu kimekwama."

"Nimekuelewa, dada yangu. Ila kwangu kinasaga."

Msimdhanie alikuwa na kiburi. Hilo ndilo jibu la serikali, hutolewa kwa kila mlalamikaji, na anayelitoa huwa tayari kulithibitisha. Faki alifunga ofisi, akamchukua Shuweha hadi nyumbani kwake, akamkaribisha mkekani, akamwaga nafaka yake ndani ya kinu chake, kinachofanana na kile cha Shuweha kama mapacha. Kikasaga. Unga ukatoka laini, wenye wekundu kidogo, na mke wa Faki akausonga ugali wakala wote. Shuweha alikula kwa shukrani zote, maana alikuwa hajala ugali siku nyingi, na huku anakula akaona uchungu kwamba kinu ni kilekile na tatizo ni lake peke yake.

"Sasa nifanyeje, kaka Faki?"

"Tumbo liko wazi. Soma."

Alisoma. Herufi alizijua, maneno aliyajua moja moja, lakini yalivyopangwa hakuelewa nani anamwambia nani afanye nini. Miaka yote alikaa na kinu na hakuwahi kuona ndani yake. Faki alipoona anavyokodoa macho, akamwonyesha Mtaa wa Mafunzo.

Mtaa huo ni fahari ya Uwazini, na kwa haki. Walimu wamekaa barazani pande zote mbili, wanafundisha bure, kila mmoja anaita wapita njia kwa upole. Kuna mafunzo ya kuchora, ya kuimba, ya polepole kwa wazee, ya wenye haraka, na kuta zimebandikwa karatasi za mazoezi unabandua unakwenda nazo. Shuweha alipokewa na Maalim Kheri Mshindo, mzee mwenye uso wa furaha, aliyemkalisha mbele ya kibao kitupu akampa kalamu.

"Somo la kwanza, mwanangu, ni adabu. Huwezi kuanza kazi hujasalimia. Andika hapa: Sema 'Hujambo, dunia'."

Shuweha akaandika. Kibao kikasema, kwa sauti nyembamba lakini safi, "Hujambo, dunia." Akajikuta machozi yanamlengalenga. Maisha yake yote maneno yaliyokuwa tumboni mwa vyombo yalikuwa ya mtu mwingine, na haya yalikuwa yake. Maalim Kheri alimwona, akageuza uso pembeni ili ampe nafasi.

Lakini mtaa ule una mtego, nao uko palepale penye utamu. Baraza la pili nalo lilianza na salamu, kwa lahaja nyingine ya maagizo. La tatu vilevile. Kila mwalimu alikuwa mzuri kuliko aliyetangulia, na kila asubuhi Shuweha alijiambia, ngoja nimsikie na huyu, halafu ndipo nianze. Akawa na bunda la karatasi za mazoezi hawezi kulikumbatia. Akazoeana na watu wa mtaa, waungwana watupu, ambao wamesalimia dunia kwa kila lahaja iliyopo na hawajawahi kungoja iwajibu. Mmoja wao alikuwa Maalim Kheri mwenyewe.

"Maalim, baada ya salamu huwa unatengeneza nini?" akamuuliza jioni moja wakiwa wanakunywa kahawa.

Mzee akafikiri. "Nilikuwa na nia ya kutengeneza chombo cha kupasua kuni," akasema. "Lakini kila nikitaka kuanza, inatoka lahaja mpya nzuri zaidi. Nami naona si vizuri kuanza na ya zamani." Akacheka, naye Shuweha akacheka, kisha akaacha ghafla. Alikumbuka kwao wanakula makande, na mavuno yanakaribia mwisho. Akamrudishia mzee kikombe, akamshukuru kwa moyo wote, akaacha bunda la karatasi palepale barazani.

Akakaa na kinu chake uani akasoma tumbo tena, safari hii anajua nani anamwambia nani. Jiwe, zunguka. Unga, teremka. Mfuko ukijaa, simama. Yote sawa. Akafika kibao kidogo cha mlangoni, pale mahindi yalipokwama, na hapo pameandikwa: Mtama ukija, fungua mlango upana wa mtama. Chini yake jina la mwandishi: Bi Kidawa.

Akajitwika kinu, akaulizia kwa Bi Kidawa. Ikawa kila aliyemuuliza anajua, kwa sababu kibao kile kidogo kimo ndani ya kila kinu cha Uwazini. Kilinakiliwa mara moja, kikanakiliwa tena, na sasa nchi nzima inakula kwa sababu ya mistari michache ya mwanamke mmoja. Nyumba yake huwezi kuikosa. Desturi ya Uwazini ni kwamba ukikipenda chombo cha mtu unakwenda unachora nyota ukutani kwake, basi, umeshashukuru. Ukuta wa Bi Kidawa ulikuwa umejaa nyota mpaka juu ya dirisha, na paa lake linavuja. Hakuna aliyewahi kuja na makuti.

"Kama umeleta nyota, chora huko nyuma, mbele pamejaa," akasema Bi Kidawa, aliyekuwa amekaa uani, bila kuinua kichwa.

"Shikamoo, bibi. Nimeleta shida."

"Marahaba. Shida nazo zimejaa, lakini afadhali, kwa hizo napata wa kuzungumza naye. Haya, sema."

Shuweha akaeleza. Bi Kidawa alikuwa mwanamke mkali, mwenye sauti ya kuzoea kugombana, na alimsikiliza huku anachonga kalamu kwa kisu. Alipofika pale punje zinapokwama, bibi akaacha kuchonga.

"Unasaga nini?"

Shuweha akashangaa. Tangu aingie nchi ile, msikilizaji mkuu, makarani, walimu, hakuna aliyemuuliza hivyo. Akafungua ncha ya kanga akamwonyesha. Bi Kidawa akachukua punje moja, akaigeuza, akaiuma kwa jino la pembeni, akaanza kucheka mpaka akajishika kiuno.

"Huu mtama gani huu umevimba? Unaumwa?"

"Hayo mahindi, bibi. Ndiyo chakula chetu."

"Basi mimi sikujua kama duniani kuna kitu kama hiki. Huku kwetu nafaka ni mtama. Mtu akisema mtama amesema nafaka, akisema nafaka amesema mtama. Nimeandika nilichokijua." Akamrudishia punje. "Sasa kazi kwako. Kibao hicho, kalamu hii."

"Mimi? Bibi, wewe ndiye mwenyewe."

"Mwenyewe amechoka. Na paa linavuja. Andika, mwanangu, kikiharibika tutaandika upya, si yai hilo."

Shuweha akashika kalamu. Akafuta neno mtama, akaandika mahindi, mara zote mbili. Mahindi yakija, fungua mlango upana wa mahindi. Akamwaga punje zake, akasema "anza", na mlango ukafunguka, jiwe likazunguka, na unga mweupe ukaanza kushuka. Alipiga kigelegele, na majirani wakachungulia. Alikuwa tayari kufunga safari dakika hiyohiyo.

Bi Kidawa akanyanyuka, akachota kikombe cha mtama jikoni kwake, akaumwaga juu. Kinu kikaduwaa. Mlango ulikuwa unangoja mahindi, na mtama si mahindi, basi haukufunguka hata kidogo.

"Umenifungia mimi nje," akasema bibi.

Hapo Shuweha aliona aibu ya kweli. Alikuwa amewacheka moyoni watu wa Uwazini, na mara ya kwanza alipopewa kalamu akafanya kosa lao lilelile, kubadilisha jina la nafaka tu. Akakaa mbele ya kibao mpaka kivuli cha ukuta kikamfikia miguuni. Bi Kidawa hakumsaidia. Alitia maji ya kahawa, akalalamika kuhusu paa, akamsimulia mgogoro wake na jirani. Mwishowe Shuweha akafuta tena, akaandika polepole: Punje ikija, pima upana wake. Fungua mlango upana huo.

Mahindi yakapita. Mtama ukapita. Bi Kidawa akatupia kunde, bila kuuliza, nazo zikapita. Mwanamke yule mkali akatazama kibao muda mrefu, kisha akasema, "Haya ndiyo nilitaka kuandika, ila sikujua." Akamsogezea Shuweha kikombe cha kwanza yeye mwenyewe.

Ilibaki sheria: ukibadilisha, rudisha. Mabadiliko hupelekwa mbele ya Baraza la Wapekuzi, wazee wanaosoma kila neno jipya kabla halijaingia vyombo vya watu wote. Shuweha angeweza kuondoka kimyakimya na kinu chake, na siku zilikuwa zinamwishia. Lakini alikuwa amekula chakula cha Faki na masomo ya Kheri na uvumilivu wa bibi, akaona haya kuondoka bila kuwaachia kitu. Akaenda.

Barazani alikuta wanajadili jani la mgomba. Wa upande wa jani-ni-kifuniko walikuwa wanaeleza kwamba leo jani, kesho kawa, keshokutwa shaba. Wa upande wa pili walikuwa wanaeleza kwamba jani lina vitundu vidogo, na kilicho na vitundu kiko wazi kisheria. Shuweha alingoja. Zamu yake ilipofika mwenyekiti akasoma kibao mara ya kwanza, akasoma mara ya pili.

"Sioni kilichobadilika," akasema. "Palikuwa na mtama, pamewekwa punje. Mtama ni punje na punje ni mtama. Kwa nini kuwasumbua watu?"

Mpekuzi mmoja akasema yeye hana neno na punje, ila nafasi mwanzo wa mstari ni vidole vitatu, na hakuna chama kinachounga mkono vitatu. Mwingine akasema kibao kinafanya kazi kwao tangu zamani. Karani akawa anaandika jibu la kawaida, kwamba kwao kinasaga. Shuweha akaona kabisa kwamba atazeekea pale. Akafungua kanga, akapita mstari kwa mstari, akamwekea kila mpekuzi punje ya hindi mkononi.

"Wazee wangu," akasema, "mji wangu wote unakula hizi zikiwa nzima, kwa kuwa hatuna cha kuzisagia. Naomba kila mmoja atie yake kwenye kinu cha hapa Barazani. Ikipita, nitafuta neno langu nirudi kwetu."

Wakatia. Ikakwama ya kwanza, na zilizofuata zikajazana nyuma yake. Wapekuzi wakasogea, wakainama, wakagusana mabega wakichungulia tumbo la kinu, na kwa mara ya kwanza wakamuona mtu ambaye kwake hakisagi. Faki, aliyekuja kusikiliza, alivua kofia akaishika mikononi. "Nilipima kwa nafaka yangu," akasema, kama anajieleza mwenyewe. "Sikutia yake." Kisha Bi Kidawa, aliyekuwa ameegemea nguzo, akasema kwa sauti yake ya ugomvi kwamba kibao ni chake, amekichoka, waandike jina la huyu mtoto chini ya lake yeye, na wakishamaliza waje wamsaidie kuezeka. Neno la Shuweha likapita. Vidole vitatu wakavifanya vinne, wakaongeza ya kwamba mjadala huo haujafungwa.

Sasa mtanisamehe, maana mimi safari za kurudi huzipenda kidogo kuliko za kwenda. Shuweha aliingia Mashapo kinu kichwani, siku ambayo mabua ya mwisho yalikuwa yanakatwa. Uwanjani wazee walikuwa wameshakaa, na mbele yao Bwana Kufuli amesimama na kinu kipya, kifuniko kinang'aa mpaka kinaumiza macho. Ahadi ilikuwa bado kutamkwa tu. Shuweha akapita katikati yao. Alitua kinu chake chini, akamwaga mahindi, akasema "anza".

Unga ulipoanza kushuka, mtu mmoja akalia, sijui nani, na wanawake wakaja na vyungu. Wazee wakausugua unga kwenye vidole. Bwana Kufuli naye akausugua, kwa heshima, kwa kuwa hakuwa mjinga hata kidogo.

"Mzuri," akasema. "Hongera, binti Mkadara. Ila niwaulize wazee swali moja. Changu kikiharibika, mnaniita mimi. Hiki kikiharibika mtamwita nani?"

Swali liliwaingia. Wazee wakatazamana, kisha wote wakamtazama Shuweha. Naye jibu lilimjia mdomoni palepale, tamu kabisa: mtaniita mimi. Miaka yote alikuwa mpangusa vumbi, na leo mji mzima unangoja neno lake. Hakuwahi kulisema, kwa sababu Bi Rehani, muuza vitumbua, alikuwa ameshapiga magoti pembeni mwa kinu anasoma vibao kwa kidole.

"Hapa pameandikwa unga laini," akasema Bi Rehani. "Mimi wa vitumbua siutaki laini hivyo. Nautaka una chenga kidogo." Akaokota kipande cha mkaa, akafuta, akaandika, akamwaga mchele wake. Kinu ambacho hakijawahi kuona mchele kikapima punje, kikafungua mlango, kikaingiza, halafu kikakohoa na kusimama kimya.

Uwanja mzima ukashusha pumzi. Shuweha aliruka mbele, mkono umenyooka, na Bwana Kufuli akatabasamu kwa huruma. Akaufikia mkaa. Akamwona Bi Rehani amekunja uso, midomo inasoma, kidole kinarudi mstari juu, na akaijua sura ile, maana ndiyo aliyokuwa nayo yeye uani kwa Bi Kidawa. Akaurudisha mkono wake kwa shida, akaushika kwa ule mwingine, akangoja.

"Ah," akasema Bi Rehani. "Nimeandika chega." Akatia herufi iliyokosekana. Kinu kikazunguka, na unga wenye chenga ukashuka.

Jirani yake akamwambia asogee, naye ana la kuandika. Nyuma ya jirani akapanga fundi seremala, na nyuma ya seremala mzee mmoja wa mji aliyekwishaacha kiti chake. Bwana Kufuli akarudia swali lake, akalitamka vizuri na kwa sauti zaidi, lakini foleni ya watu wanaotaka kusoma tumbo la kinu ilikuwa imeshampita, na mtu akamwomba kwa adabu, kama naye anataka kuona, akashike nafasi nyuma.